Tusi la Mbuzi, Tusi la Kicheko

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Nimebangua korosho mpaka adhuhuri. Vidole vyeusi, vinawasha. Mbaazi zimeungua kidogo, nimezila hivyo hivyo. Alasiri kwenye baraza la kijiji.

Kesi ya Bakari muuza nyama. Aligombana na jirani yangu Agostino kwa sababu ya mpaka wa shamba, akamwita Mmawia mla panya, rudi kwenu Msumbiji. Agostino ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wale wanaodharauliwa kwa jina hilo. Yuko hapa Marambo miaka mingi, wanawe wote wamezaliwa hapa. Bakari kajitetea kwamba ulikuwa utani. Mwenyekiti kamkatiza. Utani una wenyewe, akasema, wewe na Agostino ni watani kwa ukoo gani? Faini: mbuzi.

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Safi sana.

Jumatano, 3 Septemba

Mbuzi kachinjwa. Agostino kaniletea mguu mzima, yule baba ana moyo. Mimi na mjukuu wangu Hamisi tumekula mpaka tukaona aibu.

Hamisi kashona magauni matatu leo. Ana miaka ishirini na sita na anashona kuliko fundi yeyote wa Nachingwea mjini. Nasema hivyo si kwa sababu ni wangu. Basi, kidogo ni kwa sababu hiyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku mbaya.

Agostino kaja kuchukua suruali yake. Alikuwa ametoka kunywa uraka, pombe ya mabibo, maana mwaka huu mabibo yamewahi. Barazani kwetu walikuwepo wateja wengi, wanawake kwa wanaume. Hamisi akamwambia suruali bado pindo. Agostino akasema kwa sauti ya juu, eti huyu msenge ataniwekea pindo la sketi. Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza mengine, nayo siyaandiki. Wakacheka tena. Bakari naye alicheka. Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi anasubiri kanzu yake, kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Hamisi hakuinua kichwa. Kashona pindo. Likaenda upande. Sijawahi kuona Hamisi akikosea pindo.

Nilitoka na maji ya kuoshea vyombo, nikamwagia wote miguuni. Nimefurahi kwa hilo tu.

Jumapili, 7 Septemba

Hamisi kanieleza asubuhi. Anahamia Ruangwa. Atamaliza nguo za watu, ataondoka Jumapili ya tarehe 21. Hatarudi, labda kunizika. Nikamwambia basi sifi.

Hakucheka.

Mimi najua yote. Alinieleza mwenyewe siku nyingi, tukimenya karanga. Bibi, mimi sina haja na wanawake. Nikamwambia menya karanga. Tukamenya. Nililia baadaye peke yangu, kitambo kidogo, kwa sababu nilitaka vitukuu. Yakaisha. Mtoto niliyempokea kwa mikono yangu akizaliwa nitamwambia nini? Rudi?

Sitaki aende. Naandika ili nijue nimesema: sitaki aende.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti kufungua kesi. Tusi ni tusi. Bakari kalipa, na Agostino alipe.

Kacheka. Bibi, ule ulikuwa utani tu!

Nikamuuliza, Agostino na Hamisi ni watani kwa ukoo gani? Akasema ah Bibi, hayo ni mambo mengine. Mengine yapi? Kajikuna shingo. Kasema kabila ni heshima ya mtu, hili lingine si jambo la kupeleka mbele ya wazee. Wiki iliyopita mdomo huo huo ulisema utani una wenyewe. Wiki hii hauna wenyewe, umekuwa wa kuokota njiani.

Hamisi ana mtani mmoja kijiji kizima, naye ni mimi, bibi yake. Namwita lofa, ananiita kikongwe. Namwita mume wangu, ananiambia anataka talaka. Huo ndio utani. Anayepiga naye anapigwa, na wote wanajua mchezo.

Nimerudi na hasira. Nimepika ugali mgumu kama tofali.

Alhamisi, 11 Septemba

Hamisi kapanga vitambaa kwenye sanduku. Nimevitoa. Kavirudisha. Nimevitoa tena. Tumeshinda hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo! Mkono unaandika haraka.

Arobaini ya baba yake Mwenyekiti. Watu wengi, mpaka wa kijiji cha Mtua walikuja. Sasa ukoo wa Mwenyekiti na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na hilo nililisahau kwa sababu ya hasira. Nimekumbuka nikiwa msikitini upande wa wanawake. Nilikaribia kucheka katikati ya dua, Mungu anisamehe.

Baada ya dua nikaenda jikoni uani. Nikachukua miiko yote mitatu ya pilau, nikaifunga ndani ya khanga, nikaketi mbele ya masufuria. Hakuna anayepakua mpaka mtani aridhike. Hiyo ni haki yangu, na mwenye arobaini haruhusiwi kununa.

Wakaniletea kuku. Nikamrudisha. Wakaleta doti ya khanga, nzuri, ya kijani. Moyo uliniuma kuirudisha. Mwenyekiti kaja mwenyewe.

"Bibi, unataka nini, watu wana njaa!"

"Nataka baraza."

"Baraza haliliwi, Bibi!"

"Basi waambie hivyo wageni wako."

Watu wakaangua kicheko. Nikaanza kumwigiza. Nikavaa kofia ya mtu, nikaketi kama yeye, nikasema utani una wenyewe, faini mbuzi. Kisha nikaangusha kofia nikicheka hi hi hi, kama alivyocheka kwenye benchi langu. Wa Mtua hawakujua habari, wakauliza kwani kesi gani. Nikawasimulia. Yote. Mwenyekiti kasimama anatabasamu kwa nguvu, maana kununa hawezi.

Aliyenisaidia ni nani? Bakari! Kasimama akasema, mimi nilisema utani nikalipa mbuzi, kwa nini Agostino hajalipa hata yai? Bakari hampendi Hamisi, analilia mbuzi wake tu. Nimempokea hivyo hivyo.

Harufu ya pilau ikafanya iliyobaki. Mwenyekiti akasema haya, Jumatano. Mbele ya watu. Nikatoa miiko.

Pilau lilikuwa na chumvi nyingi.

Jumamosi, 13 Septemba

Hamisi kanikasirikia. Hakutaka kijiji kizima kimzungumze. Nikamwambia wanakuzungumza miaka kumi, ila siku zote wewe hupo. Hakula.

Labda nimekosea. Nilimtetea bila kumuuliza. Nimemwomba radhi usiku kabla ya kulala. Akasema, kikongwe, kalale. Hilo neno limenipa usingizi.

Jumatano, 17 Septemba

Baraza. Hamisi kaja mwenyewe, kavaa shati alilojishonea, pindo limenyooka.

Mzee mmoja akasema kabila mtu kazaliwa nalo, haya mengine mtu kajitakia. Nikamuuliza, Hamisi kazaliwa mbele ya nani? Mbele yangu. Tangu anatambaa yuko hivi alivyo, mpole, anachagua vitambaa. Hakujitakia kitu zaidi ya vitambaa. Mzee akasema Bibi, mbona unapiga kelele. Nikasema sijaanza.

Agostino kasimama. Hakuwa amekunywa. Akasema, "Siku nilipoitwa vile na Bakari sikulala. Mke wangu naye hakulala. Sikufikiri kwamba huyu naye hatalala." Akamtazama Hamisi, akasema nisamehe fundi.

Wazee wakanong'ona kwa kitambo kirefu. Faini: jogoo mmoja.

Kwa kabila mbuzi, kwa Hamisi jogoo. Nikasimama nikasema nimeona, nimesikia, na nimepima kwa macho ukubwa wa jogoo na wa mbuzi. Watu wakacheka, lakini safari hii walikuwa wanamtazama Mwenyekiti.

Hamisi akaulizwa kama ameridhika. Nilidhani hatasema. Akasema, "Jogoo simtaki. Nataka nikitajwa, niitwe kwa jina langu au kwa kazi yangu. Na nikiwa sipo pia."

Mwenyekiti akasema liandikwe. Karani akaandika.

Mimi jogoo nilimtaka. Sikusema.

Ijumaa, 19 Septemba

Watu watano wameleta nguo. Wawili wamesema fundi Hamisi kwa sauti kubwa mno, kama wanamwita kiziwi. Watatu, vijana, walinong'ona walipofika njiani, nikawasikia. Nikawaita kwa majina ya baba zao, wakakimbia. Haijaisha. Najua haijaisha.

Sanduku la safari bado limefungwa. Siulizi. Kuuliza kunanichoma ulimi lakini siulizi.

Jumapili, 21 Septemba

Kumekucha. Hakuna upepo. Nimeketi kizingitini.

Lori la Ruangwa limepita, limepiga honi mara mbili pale njia panda. Hamisi kageuka upande wa ukutani, kajivutia shuka, kaendelea kulala.

Sijafagia uwanja. Fagio lina kelele.