Kanda ya In-gyu, Mwaka Mmoja

Jumatatu, 8 Januari 2024

Shule imefungwa, jiko limefungwa, nikasema sasa nalala wiki nzima. Shangazi kanipigia kabla sijanywa chai. Baba anatimiza sabini, sherehe ni Jumamosi ya tarehe 20, na yeye anataka video zetu za zamani zioneshwe ukutani watu wakila. Nikamwambia jiji zima la Daegu limejaa maduka ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta. Akasema maduka hayajui nani ni nani. Halafu akauliza, mpishi wa shule mwezi wa Januari ana shughuli gani?

Kanda kumi na moja, kwenye boksi la peasi, roshani kwa wazazi. Mbili zina ukungu. Nimechoka kabla ya kuanza.

Jumanne, 9 Januari

Kompyuta nimeiokota stoo ya shule, ilikuwa inangoja kutupwa. Deki ni ya Shangazi. Programu ya kurekodia ni ya mwaka 2004, CD yake ilikuwa imelala ndani ya boksi la deki. Nimeifungua — inasema muda wake wa matumizi umekwisha. Nikahangaika saa nzima. Mwisho nikairudisha tarehe ya kompyuta hadi 2006. Ikakubali!

Kwa hiyo kwenye chumba chetu cha utotoni, hapa kwa wazazi, sasa ni 2006. In-gyu ana miaka kumi na saba, anakula tambi amesimama, anamwambia Mama anachelewa. Niliitazama ile tarehe pembeni ya skrini mpaka macho yakauma. Mdogo wangu huyu amekufa miaka kumi na moja sasa.

Na programu haina haraka. Kanda ya saa mbili inataka saa mbili. Kila dakika kumi na nane faili inajaa, inajizima bila kuaga, ukichelewa kubonyeza umepoteza kipande. Huwezi hata kwenda kuanika nguo. Ndiyo maana naandika hapa.

Alhamisi, 11 Januari

Kanda ya tatu. Harusi ya binamu, vichwa vya watu tu. Programu inaandika fremu zilizopotea, yaani vipicha: 1,204. Sijui zinapotelea wapi.

Mama anapita kila nikibadilisha kanda. Anauliza ni ya lini hiyo, nikimjibu anaondoka. Baba hapiti kabisa. Anavaa kofia yake, anakwenda kupanda kilima na wazee wenzake, hata leo yenye barafu.

Jumamosi, 13 Januari

Mgongo unaniua. Kanda ya tano imeandikwa "Baharini". Ndani ni mechi ya besiboli — Baba alirekodi juu yake! Nilikaa dakika arobaini nikitumaini bahari itatokea.

Jumapili, 14 Januari

Kanda ni kumi. Nimehesabu mara tatu. Iliyopungua ni ile yenye mwandiko wa Baba, "In-gyu, mwaka mmoja".

Mama alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu. Nilimuuliza tu kama ameiona. Akaendelea kumenya. Kisha akasema iko chini ya nguo zake, na nimwambie Shangazi kwamba imeoza.

Nikakaa naye, nikachukua kisu. Habari ikatoka polepole. Siku ile ya mwaka mmoja In-gyu aliwekewa vitu mezani kama watoto wote, achague bahati yake: uzi, penseli, mchele, noti. Maisha yetu yote tumeambiwa alishika penseli. Mimi sikuona, nilitumwa kupeleka keki za mchele kwa majirani. Kumbe alishika uzi. Uzi, yaani umri mrefu; penseli ni kusoma.

"Nilimnyang'anya," Mama alisema. "Kwa mkono huu. Nikampa penseli."

Sikuweza kumtazama. In-gyu alikufa Seoul akiwa na miaka ishirini na nne, kwenye kijichumba cha kupanga, akisomea mtihani wa utumishi wa serikali kwa mara ya tatu. Moyo ulisimama. Alikutwa ameinamia vitabu. Nilimwambia Mama kwamba uzi ni uzi tu. Akasema anajua. Akasema anajua mchana, kitandani hajui.

Jumanne, 16 Januari

Shangazi kapiga. Anataka ile ya penseli, ndiyo kila mtu atauliza. Nikasema imeoza. Nimedanganya vizuri, hata sikukohoa.

Mama alikwenda kuoga bafu la umma la mtaa na jirani yake. Niliichukua chini ya nguo. Najua si adabu. Lakini nilitaka kumwona In-gyu ana mwaka mmoja, basi. Nikaifuta ukungu kwa pamba na spiriti, nikaiweka.

Mashavu yale! Mama ni kijana, ana vazi la kijani. In-gyu anatambaa moja kwa moja hadi kwenye uzi, anautia mdomoni, watu wanapiga makofi. Ndipo sauti ikaja kubwa, karibu kabisa na kamera. Ya Baba, anamwita Mama kwa jina langu.

"Mama Yeon-suk, mwondolee huo. Uzi nimeushika mimi kiwandani miaka kumi, unatosha."

Mama anatazama kamera. "Ameshachagua," anasema.

"Mpe penseli. Narekodi upya."

Anasita. Unaona kabisa anasita. Halafu anauvuta uzi, mtoto analia, picha inakatika. Inaporudi ana penseli mkononi na macho yamelowa, na watu wanapiga makofi tena.

Nilisahau kubonyeza. Programu ikajizima, faili haikuhifadhiwa. Nililia kama mjinga mbele ya skrini ya bluu. Miaka kumi na moja Mama anajiambia "mkono huu", na hata jikoni, mimi na yeye tu, hakumtaja Baba.

Jumatano, 17 Januari

Nimemwambia Mama kwamba nimeiona. Nikamwambia, ulimkatalia, Mama, imo ndani, inasikika. Nilidhani atapumua. Akakunja uso, akasema Baba Yeon-suk alikuwa mtu wa mashine za nguo, alikohoa vumbi la pamba ujana wake wote, kwake uzi haukuwa umri. Mkono ulikuwa wake yeye Mama, akasema, na nisithubutu kumwonesha mzee wa watu kitu kile siku tatu kabla ya sherehe yake.

Nimechoka kuwahurumia wote wawili kwa pamoja.

Nikaamua nairekodi mara moja, naificha, basi. Saa nane mchana, Baba kilimani, Mama jikoni. Nikabonyeza. Naandika huku inazunguka. Dakika ya sita, Shangazi anaonja supu.

Baba amerudi. Sikusikia mlango. Ameingia humu kwa mara ya kwanza tangu nianze, amevua kofia, amevuta kigoda, amekaa nyuma yangu. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Akaniuliza, bila kupandisha sauti:

"Umeshafika pale ninapoongea?"

Nikasema bado.

Kofia iko magotini, anaizungusha. Dakika ya tisa.

Mama yuko mlangoni na sahani ya peasi. Ameona skrini, amemwona Baba. Nilidhani atarudi jikoni. Baba amesogea upande mmoja wa kigoda, kile kigoda kidogo, amemwachia nusu.

Dakika ya kumi na moja. Anapoongea Baba ni kwenye ya kumi na nne. Mama bado amesimama, na hakuna aliyeniambia nizime.