Ndege ya Mabawa Mawili, Kiti Kimoja

Mpendwa Bi Vernell,

Naomba unisaidie kabla theluji haijaanza, maana akili yangu imefika ukingoni. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja, nimestaafu kiwanda cha jibini, afya ninayo, leseni ya urubani ninayo, gereji ninayo, na kwa miaka tisa sasa nataka kujenga kwa mikono yangu ndege yenye bawa juu na bawa chini, ila nimeshindwa kuchagua, kwa sababu iko ya kizamani, ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vya wazi, abiria mbele na rubani nyuma, michoro yake ilichorwa babu yangu akiwa bado anakamua ng'ombe kwa mkono, na iko ya kisasa, ya mabomba ya chuma, fupi, kali, ya mtu mmoja, inayopinduka angani itakavyo, na kila nikishaipenda moja naanza kuiota nyingine.

Pale kwenye kiwanja chetu cha ndege, Jumamosi asubuhi tukikusanyika kula chapati za maji, hakuna anayenisaidia. Harlan, ambaye anayo ya kizamani, husema, "Hiyo ya kisasa ni baiskeli yenye hasira, bwana. Ukitaka kufa ziko njia rahisi zaidi." Curt, mwenye ya kisasa, humjibu, "Angalau yangu inaruka. Yako inahamisha vumbi tu kutoka kiwanja hiki kwenda kile." Kisha wote wawili wananigeukia mimi, "Vipi, Fundi Karatasi, umeshachagua?" na meza nzima inacheka, na mimi watu hao nawaona wapuuzi, lakini naenda kila Jumamosi.

Basi mwezi uliopita nikaamua. Unajua desturi yetu wajenzi, kabla ya kukata chuma unapigilia kwanza plaiwudi kwa kipimo cha ndege, unaweka kiti ndani, unakaa uone kama magoti na mabega yanaenea. Nikachagua ya kisasa, nikachukua kiti kimoja cha jikoni, katika vile viwili tunavyokalia kila siku, nikakikata miguu, nikakaa, nikashika mpini wa ufagio ndio usukani, na nakiri nilikuwa naunguruma kwa mdomo, ndipo mke wangu Marlys akaingia gerejini na mifuko ya sokoni, akasimama akatazama weee, halafu akauliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia ukweli, "Wewe utapiga picha." Akakaanga samaki wetu wa Ijumaa, tukala, mimi nimekalia ndoo, na Jumatatu akaondoka kwenda kwa dada yake, mjini La Crosse, na hii ni wiki ya nne. Nadhani amekasirishwa na mambo ya gereji, kwa kuwa gari lake hulala nje. Cha ajabu, nguo hakubeba nyingi, amebeba kile kiti cha jikoni kilichobaki, hata sasa nakula nimesimama.

Na si kwamba hapendi ndege, kwani kila Julai nakwenda naye kwenye mkutano mkubwa wa wajenzi, na mwaka huu alikaa siku tatu katika banda la kushonea kitambaa cha mabawa, mimi nikizunguka kukusanya vipeperushi, na kipande alichokishona tumekitundika juu ya jiko. Tafadhali niambie waziwazi, nijenge ya kizamani au ya kisasa?

Mjenzi, Waupaca

*

Mjenzi,

Mjenzi wa nini? Miaka tisa, na kitu pekee ulichokikata ni miguu ya kiti.

Marehemu mume wangu alijenga ndege sebuleni mwangu. Nilikula Krismasi mbili chini ya bawa, kwa hiyo habari za mbao na chuma usinieleze. Unauliza ipi bora. Zote bora. Ya kizamani inataka subira, ya kisasa inataka moyo mgumu, na hilo Harlan na Curt wangekumalizia kabla chapati hazijapoa. Usiwaite wapuuzi. Wapuuzi hao wanaruka, wewe unaunguruma kwa mdomo.

Tuje kwa Marlys, ambaye umemweka mwishoni mwa barua pamoja na vipeperushi. Mke aliyechoshwa na gereji angeingiza gari ndani, akaiponda plaiwudi yako, yakaisha. Huyu amechukua kiti. Nyumba ilikuwa na viti viwili. Kimoja umekifanya cha angani, chako peke yako, na yeye umemwambia abaki chini na kamera. Basi naye amebeba cha kwake akaenda kukaa panapomtosha. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe inabidi uambiwe.

Na kumbuka kwamba katika nyumba yenu kimo kipande kimoja tu cha ndege kilichokamilika. Kinaning'inia juu ya jiko, na hukukishona wewe. Mwanamke amepinda mgongo siku tatu akijifunza fundo la kushikiza kitambaa kwenye mbavu za bawa, fundo ambalo wanaume wazima hulikimbia. Ulidhani anajifunza kwa ajili ya ndege ya nani? Alikuwa anajifunza kwa ajili ya ile yenye viti viwili, bwana, na alikuwa ameshaanza kuijenga.

Kidogo nakuonea huruma. Mtu akiwa na michoro ya ndege mbili hakuna siku atakayokosea, maana makosa huanza siku ya msumeno. Hofu hiyo nimeiona kwa mume wangu pia. Tofauti ni kwamba yeye aliniambia anaogopa, nikamshikia ubao akakata.

Sasa fanya hivi. Ile michoro ya kisasa mpe Curt, atapata cha kutandika chini ya injini inayovuja. Kesho asubuhi nenda La Crosse. Usipige simu kwanza, utaanza kumweleza habari za pangaboi la ndege. Maua usibebe. Beba msumeno, ila uuache garini usije ukawatisha watu. Dada yake akifungua mlango, msalimie vizuri, mwambie umekuja kwa Marlys. Kisha mwambie Marlys mwenyewe, kwa maneno haya haya, "Nilikosea. Nimekuja kuomba kiti chako, na wewe ukae juu yake." Halafu funga mdomo.

Akikubali, kikateni pamoja, kwa kipimo cha magoti yake, si yako. Chake kiwe mbele, chako nyuma, kama michoro inavyosema. Utaruka maisha yako yaliyobaki ukitazama kisogo cha mkeo, na wako wanaume kiwanjani hapo ambao wangetoa bawa zima ili wapate kisogo kama hicho.

Akikataa, mwachie kiti chake, rudi zako, kamdai Curt michoro, ujenge ile ya mtu mmoja. Itakuwa ndiyo saizi yako.

Bi Vernell