Kata ya Kwanza

Mwembesongo, Morogoro
5 Julai 1992

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepunguza kuuma. Sisi hatujambo, Pendo anakuamkia.

Ninayo habari njema: mwanangu Pendo anaolewa. Ni Jumamosi tarehe 26 Septemba, hapa hapa nyumbani kwangu. Wewe ndiye mjomba wa ukoo, kata ya kwanza ya pombe ya harusi ni yako, na usipoionja hakuna mgeni atakayekunywa. Hilo nalijua, ndiyo maana nakuomba uje.

Ila pombe ya mtama hutaikuta. Nilipopata mimba ya Pendo bila mume, ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba mkono wangu usiguse tena chungu cha pombe. Nimetii tangu siku hiyo. Na mila yetu ni ile ile, pombe ya harusi hukorogwa na mama wa binti. Basi nitakoroga kisichohitaji chungu: nanasi, pasheni, machungwa, ndimu kidogo, mdalasini wa huko kwetu Matombo, na ramu. Siku hizi biashara imefunguliwa, ramu iko dukani hadharani, hatununui tena kwa kujificha. Nimeionja kwa jirani yangu Magreth. Tamu, Mjomba!

Mpwa wako,
Filomena


Matombo
19 Julai 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, mguu ndio huo huo. Pendo mpe hongera.

Kuhusu hicho kinywaji chako, hapana. Hiyo ni pombe ya baa. Wazee wetu waliolala huku hawaijui ramu, na mimi sitasimama mbele za watu ninywe sharubati ya walevi niiite baraka. Mke wangu Yuliana atapika pombe ya mtama hapa nyumbani, italetwa na lori la ndizi. Wewe andaa vikombe tu. Ukikataa, usinitarajie.

Mjomba wako,
Kobelo


Morogoro
2 Agosti 1992

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mguu. Jaribu kuukanda kwa maji ya moto yenye chumvi.

Nakataa. Mke wako ana mikono mizuri, lakini hakumzaa Pendo. Sitaandaa vikombe kama mpishi wa kukodiwa kwenye harusi ya mwanangu.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Wiki iliyopita nilifanya majaribio. Nikakamua matunda, nikatia sukari, ramu nikaiacha kwanza. Halafu bila hata kufikiri nikamimina yote kwenye dumu, nikakaza kifuniko, nikaliweka nyuma ya mlango liive, kama tulivyokuwa tukifanya na mama. Siku ya tatu kifuniko kiliruka hadi darini na ukuta mzima ukawa pasheni. Pendo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia. Miaka yote hii, na mkono ulioukataza bado unadhani unapika pombe!

Sasa nimejifunza. Matunda yanakamuliwa asubuhi hiyo hiyo, ramu inafuata, kinanywewa siku ile ile. Kata yako nitaijaza. Usipokuja nitainywa mimi, tena nimesimama.

Mpwa wako,
Filomena


Matombo
14 Septemba 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Chumvi imesaidia kidogo.

Yuliana alinisomea habari za dumu lako, akacheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mimi sikucheka sana. Usiku huo nilimkumbuka marehemu dada yangu, mama yako.

Salehe, dereva wa lori la ndizi, anakuletea chungu. Ni kile kile cha mama yako. Na mtama umo ndani. Nimekusamehe mbele ya Yuliana. Pika pombe ya kweli, nami nitakuja kuionja. Hiyo ramu iache.

Mjomba wako,
Kobelo


Morogoro
4 Oktoba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Pendo yuko kwa mumewe, ametulia.

Chungu kilifika salama. Nilikikumbatia kama mgonjwa wa akili, nikalia hapo hapo barabarani, Salehe akageuka pembeni. Mtama tuliusaga, tukapika uji, na Salehe nikamtuma akuambie hivyo.

Asubuhi ya harusi nilikisugua, nikakiweka katikati ya uwanja, nikatia humo nanasi, pasheni, machungwa, ndimu na mdalasini, nikamimina ramu, nikakoroga kwa mwiko wa mama. Kata nikaijaza. Kiti chako kitupu. Watu wameshika vikombe vitupu wanatazamana, upande wa bwana harusi wameanza kunong'ona, Pendo kainama. Nikasema, "Mjomba amekataa, mimi sijakataa." Nikanywa nimesimama.

Hakuna aliyesogea. Kisha dada yako Anastasia akanyanyuka na mkongojo wake, akasema, "Lete huku. Na mimi ni wa tumbo hilo hilo." Akanywa, akajilamba, akadai nyingine. Baada ya hapo ilikuwa vurugu ya vikombe.

Uliandika umenisamehe. Msamaha huo sikuuomba, Mjomba. Nilizaa mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye huyo aliyeolewa. Chungu sirudishi. Alikifinyanga bibi, akampa mama, nami nitampa Pendo. Ukikitaka, kifuate mwenyewe. Kata yako imetundikwa ukutani, haijaguswa na mtu tangu siku ile.

Mpwa wako,
Filomena


Matombo
6 Desemba 1992

Filomena, mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma, lakini unatembea.

Anastasia yuko hapa tangu mwezi uliopita na hataki kuzungumza jambo lingine ila hicho kinywaji chako. Mananasi ya shamba la mama yako yameiva. Nakuja nayo Jumamosi na lori la Salehe. Usikoroge mpaka nifike.

Mjomba wako,
Kobelo