Mama, Nimechagua Bodi Ndogo

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huna haja tena ya salamu zetu, lakini ulinifundisha kwamba habari huja baada ya shikamoo.

Unaikumbuka mashine yako ya kumenyea kahawa pale Nkoaranga? Msimu ukianza haikulala kwetu. Leo iko kwa Mama Elia, kesho iko bondeni. Baba alilalamika, "Mke wangu, mashine yako haina kwao." Wewe ulicheka tu. Ila ulikuwa na sharti: anayeiazima aifungue kwanza mbele yako, kisha aifunge na imenye. Akishindwa, anavuta kigoda kando ya chako anafundishwa. Mimi ndiye niliyeshika bisibisi. Ualimu wangu ulianzia hapo, wala si chuoni.

Sasa sikia. Idara yetu ya umeme hapa chuoni ilitakiwa kuchagua bodi ya kufundishia. Ni kibao chenye chipu ambayo mwanafunzi anaipangia saketi mwenyewe kwa kompyuta. Akikosea, anafuta na kupanga upya. Wenzangu walitaka ile kubwa yenye kila kitu, moja kwa darasa zima. Ni nzuri, sibishi. Lakini nilijua itakavyoishia: mimi nabonyeza, vijana wanachungulia mabegani mwa wenzao, kisha naifungia kabatini. Wangemaliza chuo wana cheti na mikono haijui kitu. Mimi nilitaka zile ndogo, kila mmoja na yake ya kwenda nayo nyumbani, na programu inayokubali kwenye laptop chakavu bila kudai leseni wala intaneti.

"Wakienda nazo nyumbani zikaungua je?" mkuu wa idara akaniuliza.

"Chache zitaungua, mzee. Na aliyeunguza atajua kwa nini."

"Lawama utabeba wewe?"

"Nitabeba."

Akapitisha.  Ni kama nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda chako, Mama.

Sharti nimeweka lile lile. Hakuna anayeondoka na bodi kabla hajafuta saketi niliyomwekea, akapanga yake mbele yangu, taa za bodi zikawaka. Wiki hii binti mmoja wa mtaa wa Sakina, baba yake ana gereji kando ya barabara ya Nairobi, alikosea na kurudia mpaka wenzake wakaenda kula. Mwishowe zikawaka. Aliiviringisha bodi kwenye mtandio wake kama anabeba mayai, akaenda zake. Nilikukumbuka pale. Nakukosa, na leo sioni haya kulisema.

Jioni hii nilitaka kupiga picha ya bodi moja niiweke pamoja na barua hii. Nikafungua kabati la idara: tupu, hata moja hamna. Nimecheka peke yangu mle ofisini kama ulivyokuwa unamcheka Baba. Bodi zangu nazo hazina kwao.

Pumzika, Mama. Kahawa yako imechanua vizuri.

Ni mimi, kitindamimba wako, mshika bisibisi.