Marimba Zenye Alama za Meno: Kwa Baba Yetu Telesphori Jilala

Mwaka umezunguka tangu utuache, Baba, ile tarehe tisa Juni 1984, na mimi kila nikikukumbuka naanza na meno.

Siku moja nilikuwa napanga marimba za vidole kwenye rafu ya karakana, nikaona ncha ya ubao mmoja ina alama za meno. Nilidhani ni panya. Nikachukua marimba ya pili, nayo ina alama. Ya tatu vilevile. Panya hana pengo la mbele kama lako.

Kesho yake nilikuona. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako, umeupa mlango mgongo, ukauma ncha ya ubao taratibu kama mtu anayeuma muwa, kisha ukagusa vyuma kimoja kimoja kwa kidole gumba. Ulikuwa unasikia kwa meno. Masikio yalikuwa yameshakuacha, na hukutaka tujue.

Wanaosoma tangazo hili wengi wanakufahamu kwa vitu vya mikono yako, lakini vijana hawajui ulikotoka. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, wenzako walirudi makwao na magodoro na baiskeli. Wewe ulirudi Shinyanga na sanduku la bati lililojaa misumeno iliyovunjika. Mama amesimulia mara nyingi jinsi alivyolifungua mbele ya majirani akitegemea vitenge. Misumeno hiyo uliikata, ukaifua ikawa vyuma vya marimba, na marimba hizo ndizo zilizojenga nyumba yetu ya Kambarage. Baadaye zikaja ngoma na zeze. Wachimbaji wa Maganzo walipenda marimba ndogo kwa sababu inaingia kwenye mfuko wa koti.

Vitabu vya nyimbo vilianza kwa kuwa utotoni katekista wa Ushirombo alikufundisha kuandika nyimbo kwa do, re, mi. Ulisema ni aibu mtu kuuza marimba bila wimbo wa kupigia. Ukanunua mashine kuukuu ya kurudufu, ukaanza na nyimbo za kwaya, kisha za wacheza ngoma, kisha za mtu yeyote aliyekuwa na wimbo mzuri na muda wa kukaa. Mama alishona migongo ya vitabu kwa uzi wa magunia. Wino ulipoadimika ulichanganya masizi na mafuta ya taa, na waimbaji wa Bukombe walionunua vitabu vyako walijulikana kwa vidole vyeusi.

Kwenye ubao wa mlangoni uliandika "Telesphori na Wanawe". Mungu alikupa mimi peke yangu. Fundi Anatoli, aliyekuchongea mbao tangu mwanzo, hakuchoka kukuuliza, "Mzee, hao wana wengine umewaficha wapi?"

Nilipoacha shule darasa la tano, kwa sababu sikuweza kusimama na kusoma kwa sauti mbele ya wenzangu, Baba mdogo Pantaleo alisema nichapwe mpaka nifunguke. Wewe ulisema, "Mdomo wake umekataa. Mkono wake haujakataa." Ukanipa kalamu ya chuma na karatasi za stensili, nikawa nanakili nota zako. Wiki hiyohiyo ulipanda ngazi na kopo la rangi, ukaandika upya ule ubao: "Telesphori na Mwanawe". Sikukushukuru. Niliingia ndani nikajificha nyuma ya ngozi zilizoanikwa.

Hukuwahi kuniambia niongeze sauti, Baba, miaka yote hiyo. Ulisogea tu karibu.

Halafu kusogea kukawa hakutoshi. Mchimbaji mmoja alirudi na marimba yake kutoka Maganzo akasema, "Mzee, vyuma vitatu vya juu vimelala." Ulivigusa ukamwambia vinalia vizuri, labda amelala yeye. Alicheka. Fundi Anatoli alimfuata nje, akavisukuma vile vyuma kwa nyundo ndogo mpaka vikakaa sawa, akamnong'oneza asikuambie. Tangu hapo hakuna marimba iliyotoka bila Anatoli kuipitia nyuma ya choo. Sote tulijua, na kila mmoja alitazama pembeni. Tungefanya nini? Uliuliza tu, "Inalia?" nasi tuliitikia kwa vichwa.

Mwaka jana mwanzoni ulikiri mwenyewe, kwa utani. Ulisema ile mashine ya kutobolea miamba uliyoishika Geita miaka kumi na mmoja bado inafanya kazi. "Mgodi wameufunga, ila humu masikioni zamu haijaisha."

Lakini ulikuwa na kitabu kimoja ulichokitaka kuliko vyote. Bibi Nyamizi wa Samuye alikuwa amebaki peke yake mwenye kuzijua nyimbo za jembe za kina mama wa zamani, nyimbo kumi na moja, na kifua chake kilikuwa kibovu. Ulinipakia kwenye baiskeli tukaenda. Alipoimba wa kwanza, ulishika kalamu ukaiacha hewani. Kisha ukanigeukia, ukaniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yako. "Sikiliza wewe, mayu. Uzibebe zote. Nyumbani utaniimbia."

Bibi Nyamizi alinitazama toka juu mpaka chini. "Jilala, huyu binti ana sauti, au mliisahau njiani?"

"Anayo," ulisema. "Anaitunza."

Tulikwenda siku sita. Nilizibeba zote kumi na moja, Baba. Nilikuwa nazikoroga pamoja na ugali, nazichota pamoja na maji. Masika yalipoanza, Bibi Nyamizi akafariki.

Karakanani ulikaa, ukaweka mkono nyuma ya sikio. Niliimba. "Kwa nguvu, mayu." Niliimba tena. Dirishani wateja walikuwa wamesimama, na Anatoli alikuwa ameacha randa ili unisikie vizuri, na huo ukimya wake ndio ulionimaliza. Sauti ilitoka kama ya mtu anayepuliza uji wa moto. "Kwa nguvu, mwanangu, hakuna anayekucheka." Na kweli hakuna aliyecheka. Machozi yalinitoka, nikashindwa.

Ni wewe uliyepata njia. Ulichukua marimba ndefu kuliko zote, ukauma ncha yake, ukanionyesha ncha ya pili. Nikaweka midomo kwenye ubao, nikaimba humohumo ndani ya mbao, polepole, macho nimefumba. Nilipofumbua nilikuona umetoa macho makubwa kama mtoto. Ulitoa ubao mdomoni ukasema, "Kumbe una sauti nzito hivyo!" Anatoli alisema tunafanana na watu wawili wanaogombania muhindi mmoja.

Kwa njia hiyo tulimaliza nyimbo nne. Zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote.

Mwanzoni mwa Juni tumbo likakuangusha. Hospitalini walikulaza kwenye wodi ya watu thelathini, na katika haraka ile marimba ndefu ilibaki nyumbani. Siku ya tatu uliamka saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa wageni, vikapu na watoto. Ukanishika mkono ukauliza, kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu wasiosikia, "Wa tano unaanzaje?"

Watu wote walinigeukia. Muuguzi alisema, "Mwimbie mzee, dada, hapa hatuna anayelala." Mama alinisukuma bega. Nilifungua mdomo. Niliinama mpaka kwenye sikio lako, nikaimba, na mimi mwenyewe sikujisikia. Nikainuka. Ulikuwa unaitazama midomo yangu. Ukaitikia kwa kichwa mara mbili, ukatabasamu, ukasema, "Ahaa. Vizuri sana, mayu."

Nilimwomba Anatoli akimbilie ile marimba. Aliileta kesho yake asubuhi ikiwa imefungwa kwenye khanga ya Mama. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa.

Baba, mashine ya kurudufu ipo, nimeifunika kwa gunia. Nyimbo nne zimo kwenye daftari lako, kwa mwandiko wako. Saba zilizobaki ninazo mimi, na sina pa kuziweka. Kunakili nota nilijua, kuzitafuta sikujua, hiyo ilikuwa kazi yako. Mwaka mzima nimekaa na marimba ndefu, ile uliyoandika do, re, mi kwa wino chini ya kila chuma, nagusa, nasikiliza, nakosa. Wimbo wa tisa umeanza kunitoka. Wa kumi na moja nimebakiwa na mwisho tu. Fundi Anatoli anasema niziimbe mbele ya kwaya, wao watazishika. Nimekwenda mara mbili mpaka mlangoni pa kanisa, nikarudi. Mama haniulizi tena.

Wateja bado wanakuja. Wanakuulizia, halafu wanasoma ule ubao na kunitazama.

Unakumbukwa na mke wako Justina, mdogo wako Pantaleo na mkewe Scolastika, dada yako Serafina wa Bukombe, Fundi Anatoli, ambaye bado anaweka kigoda chako mlangoni kila asubuhi, wanakwaya uliowaandikia, wachimbaji wa Maganzo, watoto wa Bibi Nyamizi wa Samuye, na mimi mwanao Epifania. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili, asubuhi. Hatutachoka kukukumbuka.

Na hili sijamwambia mtu. Siku ile wodini nilijua hukusikia kitu. Uliitikia kwa kichwa ili nisiaibike mbele za watu, nami nikakuacha uondoke hivyo, wakati nilikuwa nao mzima kifuani. Nimeutafuta mwaka mzima kwenye marimba nikapata mwanzo wake tu, basi pokea, Baba, kwa nguvu zangu zote: wa tano unaanza so ya chini, unapanda do, na unakaa hapo hapo mpaka jembe liguse udongo.