Mguu wa Mama kwenye Kadi Yangu

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto bado umenigomea. Tangu kile kiharusi unyayo unaning'inia tu, nikipiga hatua vidole vinakwaruza sakafu. Cherehani nimeifunika shuka.

Nilipeleka cheti cha daktari ofisi ya bima pamoja na kadi yako. Wamekataa. Dada wa dirishani, mpole kweli, akasema daktari ameandika "viatu maalumu", na viatu kwao ni mavazi. Nikamwambia mimi sitafuti viatu vya harusini. Alicheka, lakini jibu halikubadilika. Nisaidie, kadi ni ya kazini kwako.

Aprili ndiyo uliyosema unakuja. Kila mlango wa jirani ukilia nadhani ni wewe.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Natumai umeamka salama. Mimi mzima, mikono tu inababuka kwa mvuke wa pasi za hoteli.

Nimekaa na msimamizi wetu wa dobi tukasoma masharti ya bima. Viatu kweli hawalipii, ila kifaa cha kushikilia mguu wanalipia. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Aandike ugonjwa wenyewe, mguu upi, kwa nini bila kifaa hutembei salama, na kwamba lazima kitengenezwe kwa kipimo chako. Kisha usubiri kibali. Fundi wa kifaa asianze kabla ya kibali, Mama, watakataa tena. Sehemu ndogo tutachangia wenyewe.

Aprili sitaweza. Kazi imebana. Jana mgeni alileta gauni la kupiga pasi, pindo lina alama ya chaki ya fundi cherehani, kama yako. Nikainusa. Wenzangu walinicheka.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Nimechelewa kuandika kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Daktari aliandika upya kama ulivyosema, kibali kikatoka, fundi akanifunga plasta kuchukua umbo la mguu. Nasubiri kifaa.

Lakini pale dirishani yule dada aliniuliza, "Binti yako ameongeza mkataba? Akiacha kazi, na wewe unatoka kwenye bima." Hapo ndipo nikaielewa Aprili yako.

Mguu nautaka, mwanangu. Ila sikukuzaa uwe mkongojo wangu. Niambie ukweli.

Mama yako

21 Mei

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Ni kweli. Mkataba uliisha Machi, nikaongeza mpaka mwisho wa Julai. Wanataka niongeze tena. Kifaa kitahitaji marekebisho, mikanda itachakaa, ipo siku kitabadilishwa. Nikikuwaza umeanguka bafuni peke yako, nasaini bila kufikiri. Halafu nakwenda kulia nyuma ya mashine za kukaushia, maana zina kelele.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu wa pekee,

Mikono imepona? Kifaa nimepata. Ni plastiki nyepesi, kinaingia ndani ya kiatu na kufungwa mkanda chini ya goti. Mwanzoni kilinichubua, fundi akakikwangua kidogo. Sasa vidole havikwaruzi. Cherehani naikanyaga kwa mguu wa kulia, taratibu.

Dada wa dirishani alinieleza kwamba sisi mafundi cherehani tukiwa kikundi tunaweza kujiunga na bima kwa majina yetu. Inalipia kidogo kuliko yako, na vifaa hawalipii mpaka miezi kadhaa ipite. Nimejiunga hivyo hivyo. Kifaa ni kipya, kitanivusha.

Kwa hiyo ukibaki huko, ubaki kwa sababu umetaka. Mimi nakutamani mpaka nasahau nilichokuwa nashona. Lakini hilo si la kulipiwa na bima.

Mama yako

18 Julai

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako chooni, kazini hakuna pengine pa kufunga mlango. Nimemwambia msimamizi siongezi mkataba.

Basi linaingia Jumamosi ya kwanza ya Agosti, asubuhi. Miezi yote hii nikikuwaza nakuona umekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja umelala sakafuni. Nimechoka na picha hiyo. Usinisubiri nyumbani. Njoo kituoni, hata ukichelewa. Sitakukimbilia. Nitasimama na mizigo yangu nikutazame unavyokuja.

Binti yako