Kigoda cha Asiyekuwepo

Mjomba Gervas,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe bila salamu.

Tangu tukuzike Katindiuka, mto umehama tena. Mpunga wa Michenga ulikauka ukiwa unachanua, halafu maji yakaja wakati wa kuvuna, wakati hakuna anayeyataka. Ni yale yale uliyotuambia kwenye umoja wetu wa wakulima, nasi tukikutania kwamba uzee umeanza.

Mjomba, nimekosa, na nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka kigoda ulichokuwa ukikiweka katikati ya mkutano? "Hiki ni cha asiyekuwepo," ulisema. "Tusimwamulie mtu mambo yake kabla hajakikalia." Mzee Masanja, mfugaji wa Idete, alikikalia mara mbili, kibuyu cha maziwa miguuni. Mpango wako ulikuwa mmoja tu: sisi tuache kulima ukingoni mwa mto, wao waache kunyweshea pale, kisha twende wote pamoja kulibana lile shamba kubwa la huko juu linalochepusha maji. Maskini wakigombana, ulisema, mto unakosa mtetezi.

Arobaini yako haijafika, tukaitana. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga uliosalia, watu wana njaa na hasira. Ikaletwa hoja tuombe wafugaji waondolewe bondeni. Viti vilikuwa vimejaa. Nikavuta kigoda, nikakikalia, nikanyoosha mkono kuiunga hoja.

Wakaondolewa, ng'ombe na watoto. Masanja alipita mlangoni kwangu, akanisalimia kwa Kisukuma kama siku zote, "Mwangaluka, Tekla." Mzee yule, na sikumwitikia.

Haukupita muda, vigingi vya mpaka wa hifadhi ya bonde vikasogezwa hadi mashambani mwetu. Tukatafuta wa kusimama naye, hakuna. Shamba la juu linaendelea kunywa.

Kigoda ninacho nyumbani. Sikikalii. Nikifagia nasikia kikohozi chako upande ule. Nageuka, hakuna mtu. Nakuogopa, Mjomba, na ninakukumbuka.

Jumamosi namfuata Masanja, nasikia yuko ng'ambo ya mto. Nitabeba kigoda kichwani. Yeye atakaa juu yake, mimi nitakaa chini, nimwambie mkono ule ulikuwa wangu. Akinifukuza nitarudi Jumamosi nyingine, mpaka akubali kuusikiliza mpango wako tena.

Lala salama, Mjomba. Usikohoe tena. Nimesikia.

Mpwa wako,
Tekla